Mkanda, mizani na koo: namna ya kuufuatilia uzito wako kwa ajili ya saratani ya umio

Baba yangu mdogo alitoboa tundu la kwanza kwenye mkanda wake kwa msumari. La pili akalitoboa mwenyewe pia. La tatu alinipa mimi, kwa sababu mikono ilikuwa imeanza kukosa nguvu. Kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watu walikuwa wakimsifu kwamba kitambi kimekatika na ujana umemrudia. Yeye alikuwa akilalamika tu kwamba nyama ya siku hizi ni ngumu. Tangu tundu la kwanza mpaka siku alipopimwa kwa kamera inayoshushwa kooni ilipita miezi saba, na siku hiyo vilivyokuwa bado vinapita kooni ni maji na chai peke yake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya mkanda ule. Ulikuwa unatuambia jambo, nasi tukalisoma kama habari njema.

Umio ni mrija wa nyama wenye urefu wa kama sentimita 25 unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani yake wengi huiita kansa ya koo. Mwaka 2022 watu wapatao 511,000 duniani waligundulika kuwa nayo, na wapatao 445,000 walifariki. Namba hizo zimekaribiana hivyo kwa sababu wagonjwa wengi hufika hospitali saratani ikiwa imeshaziba njia. Na sisi tumo katikati ya ukanda unaoathirika sana, unaoanzia Ethiopia na Kenya, ukapita Tanzania na Malawi, hadi jimbo la Eastern Cape kule Afrika Kusini.

Utahitaji daftari, futi ya fundi cherehani, mizani moja utakayoitumia kila mara, na simu kwa ajili ya hesabu. Kazi ya mara ya kwanza ni ya nusu saa. Baada ya hapo ni dakika tano kila mwezi.

Hatua ya 1: Fahamu kwamba ni saratani mbili

Usipolielewa hili, mengine yote yatakuchanganya. Utasikia redioni kwamba unene unaleta saratani ya umio, kisha utamwona jirani yako mwembamba kama fito akiugua ugonjwa huohuo. Hakuna aliyekudanganya.

Ya kwanza ni saratani ya seli bapa. Hizi ndizo seli zinazotandika umio kwa ndani, kama ngozi ya mdomo inavyoendelea kushuka. Aina hii ndiyo nyingi mno Afrika Mashariki, na duniani pia ndiyo inayoongoza kwa mbali. Huwapata zaidi watu wanaovuta tumbaku, wanaokunywa pombe, wanaokunywa vitu vya moto sana, na wanaokula mboga na matunda kwa nadra. Mara nyingi watu hao ni wembamba.

Ya pili huitwa adenokasinoma, nayo huota sehemu ya chini ya umio, karibu na mlango wa tumbo. Hii inakwenda na unene, hasa kitambi, na kiungulia cha miaka mingi. Imeongezeka sana Uingereza, Uholanzi na Marekani, na huwapata wanaume mara kadhaa zaidi ya wanawake. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka kwenye orodha ya saratani 13 ambazo ushahidi wa kuhusishwa kwake na mafuta ya mwili unatosha. Taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani inakadiria kwamba mtu mnene ana hatari ya aina hii kama mara mbili ya mtu mwenye uzito wa kawaida, na mwenye unene uliopita kiasi ana zaidi ya mara nne.

Kwa hiyo uzito wako peke yake hautakuambia kama uko salama. Muhimu zaidi ni ulikuwa na uzito gani, sasa unao upi, na umebadilika kwa sababu ipi. Hatua zinazofuata zinakupa njia ya kuyajua hayo matatu.

Hatua ya 2: Tafuta uzito wako wa ujanani

Andika juu ya ukurasa wa kwanza: uzito wangu nikiwa na miaka 20. Wengi watasema hawaukumbuki, lakini kumbukumbu zipo mahali. Waliopita JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, walipimwa. Mwanamke aliyejifungua mapema ana kadi ya kliniki ya mimba ya kwanza. Chukua kipimo cha hudhurio la mwanzo kabisa, kabla tumbo halijakua. Kuna fomu za afya za chuo. Ukikosa vyote, tafuta nguo ya siku ya harusi na uijaribu. Haitakupa kilo, ila itakupa kiuno.

Ninasisitiza uzito wa ujanani kwa sababu ya kazi moja ya Marekani iliyotoka mwaka 2017, iliyofuatilia watu zaidi ya laki nne. Waliokuwa na uzito wa kawaida wakiwa na miaka 20 na wakabaki hapohapo walikuwa na hatari ndogo kuliko wote. Walioongezeka zaidi ya kilo 20 kufikia utu uzima walikuwa na hatari ya adenokasinoma ya umio kama maradufu. Waliokuwa wazito tangu miaka 20 kisha wakawa wanene kufikia 50, hatari yao ya saratani ya umio na ya sehemu ya juu ya tumbo ilifika kama mara tatu. Ni miaka ya kubeba mzigo inayoumiza, na mzigo wenyewe unaingia taratibu. Nusu kilo kila mwaka hakuna anayeiona, lakini kilo moja kwa mwaka kwa miaka 25 inakubadilishia saizi ya suruali mara nyingi.

Hatua ya 3: Jipime leo

Pima uzito asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya chai, bila viatu, ukiwa na nguo nyepesi. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu. Kwenye zulia au mkeka inadanganya. Kama huna ya kwako, tumia ya zahanati au hata ya kijana wa barabarani anayepima kwa sarafu chache, ila mrudie yuleyule kila mwezi. Mizani mbili tofauti zinaweza kupishana kilo mbili, na hapo utafurahi au kuogopa bure.

Pima urefu ukiwa umesimama, visigino na mgongo vikigusa ukuta. Kisha fanya hesabu ya uwiano wa uzito na urefu: kilo zako gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.65 atazidisha 1.65 kwa 1.65 apate 2.72, kisha agawanye 82 kwa 2.72. Anapata kama 30.

Chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni wa kawaida. Kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 ni unene unaohesabiwa kuwa ugonjwa. Usitumie hesabu hii kwa mjamzito, wala kwa mtu aliyevimba miguu au aliyejaa maji tumboni.

Sasa chukua futi ya fundi. Kwa suala la umio, mimi naiamini futi kuliko mizani. Tafuta mwisho wa mbavu ubavuni, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na upitishe futi katikati ya hizo mbili. Shusha pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Mwanaume akizidi sentimita 94 na mwanamke akizidi 80, Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya maradhi yatokanayo na unene imeanza kupanda. Ikizidi 102 kwa mwanaume na 88 kwa mwanamke, imepanda sana.

Kwa nini kiuno? Mafuta ya tumboni yanakandamiza tumbo kutoka nje, kama mtu anayeketi juu ya kiroba. Kati ya umio na tumbo kuna msuli wa duara unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Shinikizo likizidi, msuli huo unaregea na asidi inapanda. Umio haukuumbwa kustahimili asidi. Ukiunguzwa miaka na miaka, ngozi yake ya ndani hujibadilisha ifanane na ya utumbo ili iweze kuvumilia, hali ambayo madaktari huiita umio wa Barrett. Wengi wenye hali hiyo hawapati saratani, kwani kwa mwaka hupata watu wachache kuliko mmoja kwa kila 200, lakini adenokasinoma mara nyingi huanzia hapo. Tena mafuta ya tumboni hayakai kimya: yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani na kuvuruga homoni, ikiwemo insulini. Ndiyo maana mwanaume mwenye miguu myembamba na kitambi cha mbele anahitaji kuwa mwangalifu, hata kama mizani haimtishi.

Hatua ya 4: Kama umeongezeka tangu ujana

Jiulize swali moja la ziada: kiungulia kinakujia mara ngapi kwa wiki? Mara mbili au zaidi kwa miezi kadhaa si jambo la kumalizia kwa vidonge vya dukani. Mwanaume aliyevuka miaka 50, mwenye kitambi, mwenye kiungulia cha miaka zaidi ya mitano, na hasa akiwa mvutaji, amwombe daktari wazungumze juu ya kipimo cha kamera hata kama anameza vizuri. Ninyi mlioko Muscat, London au Minneapolis, ambako maisha ya gari na kiti yamewaongeza kilo 15 kwa miaka michache, swali hili ni lenu kabisa.

Huhitaji kupungua kilo 20 ndipo upate nafuu. Utafiti wa wauguzi wanawake wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba uwiano ukipanda kwa zaidi ya pointi 3.5, kiungulia cha mara kwa mara kinakaribia mara tatu, hata kwa mwanamke ambaye bado yuko kwenye uzito wa kawaida. Na waliopungua kwa kiasi hichohicho kiungulia kilipungua pia. Kwa mtu wa mita 1.65, pointi 3.5 ni kama kilo tisa na nusu. Lenga kilo mbili za kwanza, uzishike, kisha nyingine.

Kwetu adui mkubwa ni chakula cha usiku. Tunakula saa tatu au saa nne, sahani ikiwa imejaa, kisha tunalala. Sogeza chakula cha jioni ukile muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala. Punguza ugali au wali kwa kiasi cha ngumi moja na ujaze nafasi hiyo kwa mboga. Soda na juisi ya sukari ziondoe kabisa nyumbani; sijaona njia nyingine iliyo nyepesi kama hii. Kama asidi inakupanda usiku, weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa mpaka uinuke kama sentimita 15 hadi 20. Mito miwili haisaidii, inakukunja tumbo. Lalia ubavu wa kushoto.

Hatua ya 5: Kama umekuwa mwembamba siku zote

Hapa ndipo watu wetu wanapojidanganya, kwa kuwa matangazo yote ya afya yanazungumzia kitambi. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeona saratani ya seli bapa zaidi kwa watu wembamba. Wembamba wenyewe haujathibitishwa kuwa ndio unaoileta. Tumbaku inakata hamu ya kula, pombe inachukua nafasi ya chakula, umaskini unaondoa matunda mezani, na saratani iliyokwisha kuanza nayo inakondesha kabla haijajulikana. Vyote hivyo vinamkuta mtu yuleyule. Kwa hiyo kunenepa si kinga. Asije mtu akakushauri uongeze kitambi ili kuikimbia kansa.

Cha kufanya ni kuondoa vile vinavyoambatana na wembamba huo.

Anza na chai. Vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 viliwekwa mwaka 2016 na shirika lilelile la Lyon kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Kazi iliyochapishwa mwaka 2015, iliyopima chai ya watu wazima vijijini Kilimanjaro, ilikuta wanaanza kunywa ikiwa na joto la karibu nyuzi 70, na chai ya maziwa ilinywewa ikiwa ya moto zaidi kuliko ya rangi. Ni kawaida: sisi tunachemsha maziwa na chai pamoja, tunatia kwenye chupa ya chai, na tunamimina ikiwa bado inafuka. Kule Golestan, kaskazini mwa Iran, watu 50,000 walifuatiliwa kwa miaka. Waliokunywa zaidi ya mililita 700 kwa siku kwa joto la nyuzi 60 au zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa karibu asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa.

Huna haja ya kuacha chai. Kama unalazimika kuifyonza kwa sauti ili isikuunguze, bado haijafika wakati wake. Bibi zetu waliimimina kwenye kisahani, wakaipuliza, wakanywa humo. Vijana tuliona ni ushamba. Kisahani kile kilikuwa kinawalinda koo, na mimi nimekirudisha mezani kwangu.

Tumbaku na pombe zikiwa pamoja hazijumlishani tu, zinazidishana. Gongo, chang'aa, mbege, bia, vyote ni pombe kwa umio. Wako wanaogopa kuacha sigara kwa sababu wamesikia utanenepa. Ni kweli wengi huongezeka kilo chache baada ya kuacha. Chukua kilo hizo. Hatari ya moshi haina ulinganifu na kilo nne.

Kula tunda kila siku: papai, embe la msimu, ndizi mbivu, chochote kilicho karibu. Mboga za majani zisiwe za kupamba ukingo wa sahani. Kama jiko ni la kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha, toboa dirisha au pikia nje, kwa sababu moshi huo nao unashukiwa.

Hatua ya 6: Jaza daftari kila mwezi

Chagua siku moja, tuseme Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Andika tarehe, kilo, kiuno, na neno moja juu ya kumeza: "sawa" au "shida". Usijipime kila siku. Maji ya mwili hupanda na kushuka na yatakusumbua bure.

Kisha ijue asilimia tano yako. Zidisha uzito wako wa kawaida kwa 0.05. Mwenye kilo 68 atapata 3.4. Iandike kwa wino mwekundu kwenye jalada. Ukipoteza kiasi hicho ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, nenda hospitali, hata kama unajisikia mzima.

Neno "bila kukusudia" lipe uzito wake. Aliyefunga Ramadhani akapungua kilo mbili, akazirudisha Shawwal, hana jambo. Aliyeacha soda na kuanza kutembea anajua kilo zimekwenda wapi. Mwenye shaka ni yule ambaye hakubadilisha kitu na mizani inashuka mwezi hadi mwezi. Hata mwenye kitambi. Mtu wa kilo 100 akishuka hadi 92 bila sababu atapongezwa na kila mtu, na kwa kimo cha kawaida uwiano wake utabaki kwenye unene, kwa hiyo hakuna atakayehisi hatari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa baba mdogo.

Lipo na jambo lingine, na linaniuma. Kwetu mtu akikonda, watu hunong'ona kuhusu virusi. Mgonjwa anajua wananong'ona. Basi anavaa sweta mbili, anaacha kwenda kanisani au msikitini, anaacha kula mbele ya wageni. Miezi inapotea hapo. Ukiwa mke, mume, mtoto au dada wa mtu wa namna hiyo, usimsubiri aseme. Mwombe mkapime wote wawili siku moja, wewe ukitangulia kupanda mizani.

Hatua ya 7: Mizani ikishuka, kagua kumeza

Kupungua bila sababu kunaweza kuwa kisukari, kifua kikuu, VVU, tezi ya shingo, au huzuni tu. Vyote vinahitaji daktari. Lakini kinachoelekeza kwenye umio ni namna ya kula.

Mkalie mtu mezani, usimuulize tu. Saratani ya umio inapofunga njia inakwenda kwa ngazi. Kwanza nyama na ugali mgumu vinakwama nyuma ya kifua. Mtu anaanza kutafuna sana, anasukumia kila tonge kwa maji, anakuwa wa mwisho kumaliza. Kisha anaacha nyama na kusema meno yanauma. Anahamia wali laini, kisha mtori (supu nzito ya ndizi), kisha uji, mwisho maji. Mara nyingi hajui kwamba anahama. Anadhani amebadilisha ladha. Angalia pia kwikwi isiyoisha, sauti iliyokwaruza, kukohoa wakati wa kunywa, chakula kurudi mdomoni bila kichefuchefu, na choo cheusi kama lami.

Chakula kukwama mara kwa mara kwa zaidi ya wiki mbili kinatosha kukupeleka hospitali. Usingoje kwanza upungue kilo kadhaa. Umio hutanuka, kwa hiyo ukihisi kukwama njia imekwisha kuwa nyembamba sana. Na usijiambie wewe ni kijana: huku Bonde la Ufa la Kenya, eneo la Bomet, wamegunduliwa wagonjwa walio chini ya miaka 30.

Hatua ya 8: Ukifika hospitali

Baba mdogo alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi minne kwenye kituo kimoja, kwa sababu alipoulizwa tatizo alijibu "tumbo". Kwa hiyo sema kwa maneno yaliyonyooka: chakula kigumu kinakwama hapa, kilianza mwezi fulani, nimepungua kilo kadhaa tangu mwezi fulani. Fungua daftari umwonyeshe. Karatasi yenye tarehe na kilo ina nguvu kuliko maelezo ya dakika tatu.

Omba rufaa ya kipimo cha kamera ya umio, yaani endoskopi. Dawa za kupunguza asidi zinaweza kutuliza maumivu huku kidonda kikiendelea, kwa hiyo kupata nafuu kidogo kusikurudishe nyumbani kama bado chakula kinakwama. Tanzania kipimo hiki kinafanyika Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, pamoja na hospitali nyingine kubwa. Kenya kipo Kenyatta, Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Tenwek huko Bomet, ambayo imeshughulika na saratani hii kwa miaka mingi.

Utatakiwa usile kwa saa sita hadi nane. Kooni watakupulizia dawa ya ganzi, au watakuchoma sindano ya kukusinzisha. Ikiwa ni sindano, nenda na ndugu wa kukurudisha. Mrija mwembamba wenye kamera unapita mdomoni. Inakera, unahisi kutaka kutapika, lakini mara nyingi haizidi dakika kumi na tano. Wakiona kitu watachukua vinyama vidogo kwenda maabara, na huumii vikichukuliwa. Uliza kama vimechukuliwa, uliza majibu yatatoka siku gani, na uandike namba ya kipimo daftarini. Wagonjwa wengi hupotelea hapa, kati ya kinyama na majibu.

Hatua ya 9: Wakati unasubiri

Kilo unazozilinda sasa zitaamua unavumilia tiba gani. Upasuaji, mionzi na dawa za saratani vyote vinataka mwili wenye akiba. Huu si wakati wa kufunga, wala wa kufuata ushauri wa kuacha vyakula ili "kuinyima kansa chakula". Anayenyimwa hapo ni mgonjwa.

Mpe kidogo kidogo mara sita kwa siku. Mtori ulioongezwa maziwa na siagi. Uji uliotiwa unga wa karanga na yai lililopigwa, ukachemka vizuri. Parachichi lililopondwa, mtindi, supu ya samaki iliyochujwa. Kila kitu kiwe cha vuguvugu. Aketi wima wakati wa kula na nusu saa baadaye. Kitu kikikwama asisukume kwa tonge lingine. Dawa chungu za mitishamba zinazounguza koo ziwekwe mbali kabisa.

Mpime kila wiki sasa. Akishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki, usisubiri tarehe ya miadi. Mrudishe waone kama anahitaji kulishwa kwa mrija, au kuwekewa kijibomba cha waya kinachotanua umio ili chakula kipite. Wapo waliorudia kula ugali laini siku chache baada ya kuwekewa.

Na siku mate yenyewe yatakapokataa kushuka, awe anayatema kwenye kikopo, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.